Kukubaliana kwa Kiswahili, Kubishana kwa Kiingereza

Mwanafunzi wa sekondari ya Tanzania hufundishwa kusimama mbele ya watu kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya siku ya mahafali. Mgeni rasmi ameketi chini ya turubai, wazazi wamejaa kwenye viti vya kukodi, na mwanafunzi mwenye sauti nzuri anasoma risala. Mpangilio wake unajulikana na kila aliyepita shule: shukrani, historia fupi ya shule, mafanikio, changamoto (maabara haina vifaa, nyumba za walimu hazitoshi), kisha ahadi ya kuwa raia wema. Ikishasomwa, wenzake huingia na ngonjera. Mara nyingi yote hayo hufanyika kwa Kiswahili.

Njia ya pili ni ya siku ya kawaida, Ijumaa mchana kwa mfano, bila turubai wala mgeni. Meza mbili huwekwa mbele ya bwalo, moja ya wanaounga mkono mada, nyingine ya wanaoipinga. Kuna mwenyekiti, katibu, na mtunza muda mwenye kengele. Huo ni mdahalo, na huendeshwa kwa Kiingereza.

Nilipita njia zote mbili na kwa miaka mingi niliziona kuwa ratiba ya shule tu, kama zamu ya usafi. Nilipoanza kusoma shahada ya uzamili ya historia ndipo nilipouona mgawanyo wenyewe. Kwa Kiswahili tulifundishwa kukubaliana hadharani. Kwa Kiingereza tulifundishwa kubishana. Nataka kueleza mgawanyo huo ulitoka wapi, na ni nani wanaoulipia.

*

Mdahalo wa shule, kwa umbo tunalolijua, ulitoka Uingereza. Chama cha mdahalo cha wanafunzi wa Cambridge kilianzishwa mwaka 1815, cha Oxford mwaka 1823. Vyama hivyo viliiga Bunge la nchi yao: pande mbili zinazotazamana, msimamizi, kanuni za kuomba nafasi, na kura mwishoni. Wengi waliofanyia mazoezi humo walikwenda kukaa katika Bunge lenyewe, na baadhi yao wakawa mawaziri wakuu.

Mchezo huu una kanuni moja ambayo mgeni huishangaa: mtu anaweza kupangiwa kutetea asichokiamini. Kwa sababu hiyo, linalosemwa ukumbini halihesabiwi kuwa kiapo. Februari 1933 wanafunzi wa Oxford walipiga kura 275 dhidi ya 153 kuunga mkono mada iliyosema kwamba hawatampigania mfalme wala nchi yao kwa hali yoyote ile. Magazeti yalichachamaa, Churchill aliwakemea, na zogo likaendelea kwa miezi. Hata hivyo vijana wale walirudi darasani kesho yake. Walikuwa wamefanya mdahalo tu.

Kinga hiyo ya “mdahalo tu” ilisafiri hadi makoloni pamoja na kengele na meza mbili. Shule ya Serikali ya Tabora, iliyoanzishwa miaka ya 1920 kwa kuwalenga kwanza watoto wa machifu, iliiga shule za bweni za tabaka la juu la Uingereza, na chama cha mdahalo kilikuwa sehemu ya malezi yake. Julius Nyerere, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, aliingia hapo mwaka 1937 na akawa mshiriki hodari wa chama hicho. Miaka 18 baadaye, Machi 1955, alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa mjini New York kueleza kwa nini Tanganyika ijitawale. Siwezi kusema kwamba Tabora ndiyo iliyompeleka New York. Ninachoweza kusema ni kwamba alipofika huko hakuwa mgeni wa kazi ya kujenga hoja kwa Kiingereza mbele ya watu ambao wangependa kuona anakwama.

Upande wa Kenya upo mfano ninaoupenda zaidi. Ngũgĩ wa Thiong'o alisoma Alliance High School kuanzia mwaka 1955 hadi 1958, wakati wa hali ya hatari. Nje ya uzio wa shule watu waliwekwa vizuizini, na kijiji chake mwenyewe kilibomolewa yeye akiwa masomoni. Katika kumbukumbu zake za miaka hiyo anasimulia mdahalo ambao mada yake ilihusu iwapo elimu ya Kimagharibi imeleta madhara kuliko faida. Alisimama akiwa na penseli mkononi. Akawauliza wenzake: mtu akija nyumbani kwako, akachukua ardhi yako, kisha akakupa penseli badala yake, je, hayo ni mabadilishano ya haki? Yeye, alisema, angeona heri mtu huyo abaki na penseli yake na mwenye ardhi abaki na ardhi yake.

Mvulana aliyeyasema hayo barabarani mwaka ule angeweza kujikuta mikononi mwa askari. Aliyasema ndani ya shule ya wamishonari, na kengele ikalia, akaketi. Kinga ilifanya kazi. Lakini kinga hiyo ilikuwa na kufuli, na kufuli lenyewe lilikuwa lugha. Waliomsikia ni wale waliokuwa ndani ya uzio. Wazazi wa wanafunzi wale, ambao ardhi yao ndiyo iliyokuwa ikizungumziwa, wengi wao wasingeweza kuufuatilia mdahalo ule hata kama wangeruhusiwa kuketi nyuma ya ukumbi.

*

Mtu anaweza kudhani kwamba Kiswahili kilikosa mdahalo kwa sababu hakikuwa na mila ya mabishano. Historia inakataa. Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana kwa mashairi na wenzake wa Lamu wakati miji hiyo miwili ilipokuwa na uhasama, mwanzoni mwa karne ya 19. Malumbano yale yalikuwa na kanuni kali kuliko za Oxford. Anayejibu alitarajiwa kushika vina na mizani, na aliyekosa jibu alijulikana pwani nzima. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza kutolewa na serikali ya Tanganyika mwaka 1923, kurasa zake ziliwafungulia washairi wa bara na pwani uwanja wa kuulizana na kupingana kwa tungo. Ubishi wa hadharani, wenye adabu na wenye kanuni, ulikuwepo kwa Kiswahili kabla ya shule nyingi kujengwa.

Kilichoingia shuleni kutoka katika mila hiyo ni kitu kingine kidogo. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Nyerere aliwaomba washairi watumie kipaji chao kulieleza kwa wananchi. Mathias Mnyampala, mshairi wa Ugogo na kiongozi katika chama cha UKUTA, aliikuza ngonjera: shairi la majibizano linaloghaniwa jukwaani na watu wawili au zaidi. Alifariki mwaka 1969, na kitabu cha kwanza cha Ngonjera za UKUTA kikatoka mwaka 1970. Shule ziliipokea kwa mikono miwili. Watoto waliovaa kama mkulima na mvivu, au kama msomi na asiyejua kusoma, walisimama mbele ya viongozi na kujibizana.

Angalia umbo lake. Mmoja anauliza au anapinga. Mwingine anaeleza. Ubeti baada ya ubeti yule mpinzani analainika, na mwisho wote wawili wanasema kitu kimoja. Msikilizaji anajua tangu ubeti wa kwanza nani atashinda. Leo mtaani, mtu akikuambia “acha ngonjera zako” ana maana kwamba unazungusha maneno ambayo mwisho wake unajulikana. Sidhani Mnyampala alistahili hatima hiyo, maana wachache wamekifanyia Kiswahili kazi kama yake. Lakini lugha ya mtaani ina masikio.

Umbo la ngonjera lilikuwa pia umbo la siasa ya wakati ule. Katika kijitabu chake cha mwaka 1963 kuhusu demokrasia na mfumo wa vyama, Nyerere alijenga hoja kwamba wazee wa Kiafrika waliketi chini ya mti na kuzungumza mpaka wakubaliane. Akasema kwamba vyama visivyotofautiana kwa mambo ya msingi huigeuza siasa kuwa kama mechi ya mpira. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Nchi ilikuwa changa, ina makabila zaidi ya 120, na majirani zake walikuwa wakiparaganyika. Mwaka 1965 Tanzania ikawa nchi ya chama kimoja kisheria. Kwa miaka 27 iliyofuata, lugha ya taifa ilikuwa lugha ya umoja, na shuleni mtoto aliyeshika kipaza sauti kwa Kiswahili alikishika ili athibitishe umoja huo.

*

Ajabu ni kwamba mtu yule yule alionyesha pia kinyume chake. Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Nyerere alilihutubia Bunge kwa Kiswahili. Mwaka uliofuata ilichapishwa tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare, ambayo baadaye aliirekebisha na kuitoa upya kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka 1969 ikatoka Mabepari wa Venisi. Nikizitazama tamthilia hizo mbili kama mtu wa midahalo, naona kitu kimoja: zote zinasimama juu ya watu wanaobishana hadharani. Katika ya kwanza, Bruto na Antoni wanahutubia umati ule ule juu ya maiti ile ile, na umati unabadilika mara mbili. Katika ya pili, maisha ya mtu yanategemea hoja moja ya mahakamani. Mwanafunzi wa Tabora alikuwa amethibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba mabishano makali kuliko yote aliyoyasoma.

Bunge likahamia Kiswahili. Mahakama za mwanzo, mikutano ya vijiji na redio vikawa vya Kiswahili. Shule za msingi pia, kuanzia mwaka 1967. Sekondari haikuhama. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari. Serikali ilikataa, na Nyerere mwenyewe akasema kwamba Kiingereza ndicho Kiswahili cha dunia. Mwaka 1984 utafiti wa Criper na Dodd ulionyesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kusomea masomo yao. Jibu la kitaifa likawa kuongeza juhudi za kufundisha Kiingereza, na katika shule nyingi mdahalo wa Ijumaa ukachukuliwa kuwa moja ya juhudi hizo.

Hapo ndipo mdahalo ulipobadilika kazi. Huko ulikotoka ulikuwa mazoezi ya kuamua mambo ya nchi. Kwetu ukawa kipindi cha ziada cha lugha. Ukitaka kuthibitisha, sikiliza mwalimu anapotoa maoni mwishoni. Atasema nani alikosea nyakati za vitenzi, nani alitamka vizuri, nani alijiamini. Ni mara chache kusikia ni hoja gani haikujibiwa.

Nilipokuwa kidato cha tatu mada ilikuwa ile ya siku zote: maisha ya kijijini ni bora kuliko ya mjini. Watoto wa mjini walipangwa kutetea kijiji, wakatuimbia hewa safi na maziwa freshi. Kwenye meza ya upinzani alikuwepo msichana kutoka Nyanda za Juu Kusini, ambaye wazazi wake walilima viazi. Alianza na maneno ya kukariri ya kumsalimu mwenyekiti, katibu, mtunza muda na wapinzani wake, kama tulivyofundishwa sote. Kisha akataka kueleza lumbesa.

Kwa asiyejua: lumbesa ni gunia linaloongezewa kichwa juu ya mdomo wake, likafungwa kwa kamba hadi linakaribia kuwa gunia na nusu, na mkulima akalipwa bei ya gunia moja. Serikali imelipiga marufuku mara nyingi kwa kutumia sheria ya vipimo, na bado lipo. Msichana yule alitafuta neno la Kiingereza la lumbesa. Halipo. Akajaribu kulizunguka, akasema gunia, akasema kubwa, akaonyesha kwa mikono. Bwalo likacheka. Akasema neno lenyewe, lumbesa, na mwenyekiti akamkumbusha kwamba Kiswahili hakiruhusiwi. Kengele ikalia.

Jioni, kwenye foleni ya chakula, alitueleza yote. Gunia halali lina debe ngapi, lumbesa linabeba ngapi, dalali anapata kiasi gani, na kwa nini baba yake hukubali hata akijua kwamba anaibiwa, kwa kuwa viazi vikishang'olewa havimsubiri mtu. Alimaliza kwa kusema kwamba kijiji ni kizuri kwa anayekwenda likizo. Tulinyamaza, na mmoja wa wale waliotetea kijiji akasema, “Dada, ungesema hivi mchana tungekwisha.”

Upande wake ulishindwa siku ile. Rekodi ya katibu, iliyosomwa wiki iliyofuata, ilisema kwamba mzungumzaji wa pili wa upinzani hakuwa na hoja.

*

Wapo watakaonijibu, na wana haki ya kujibiwa. Watasema mashindano makubwa ya dunia yanaendeshwa kwa Kiingereza. Ni kweli: mashindano ya dunia ya midahalo ya shule yalianza Australia mwaka 1988, na kijana wa Mbeya anayetaka kufika huko anahitaji Kiingereza chepesi mdomoni. Nimesoma na watu ambao mdahalo wa Kiingereza uliwatoa kwenye haya na kuwafungulia milango. Sitaki ufutwe.

Lipo jibu gumu zaidi, ambalo nimelifikiria kwa muda mrefu. Kiingereza kiliwapa wanafunzi ruhusa ambayo Kiswahili hakikuwapa. Kwa Kiingereza msichana wa kidato cha kwanza aliweza kumwambia kiranja mkuu kwamba amekosea, na hakuna aliyeona amevunja adabu. Jaribu kumwambia hivyo kwa Kiswahili, mbele ya watu, mtu aliyekuzidi umri. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tuliambiwa, na methali haikutoa nafasi ya kuuliza kama mkuu ana hoja. Kwa hiyo kuna ukweli ndani ya mgawanyo huu. Tulikwenda kubishana kwenye lugha ambayo haikuwa na wajomba wala shangazi.

Lakini ruhusa iliyo katika lugha moja tu haimfikishi mtu mbali. Mwanafunzi huyo akimaliza shule, mkutano wa kijiji utakaogawa ardhi utaendeshwa kwa Kiswahili. Kikao cha bodi ya maji, kesi ya mirathi, kikundi cha kukopeshana, vyote ni kwa Kiswahili. Huko hatapata mtunza muda wala zamu ya upande wa pili. Atakuta wakubwa wanaozungumza, na mazoezi aliyonayo kwa lugha hiyo ni ya kusoma risala.

Na Kiswahili kina njia zake za kupinga kwa heshima. Wabunge husimama kila siku kusema “Taarifa” na “Kuhusu utaratibu”. Wazee barazani husema “nakubaliana na aliyetangulia, ila”, na kila anayesikia anajua kwamba baada ya “ila” hakuna kukubaliana kokote. Haya yanafundishika. Wengine wamefanya hivyo kwa lugha zao: Qatar ilianzisha mwaka 2007 taasisi ya midahalo ambayo leo huendesha mashindano ya kimataifa ya shule na vyuo kwa Kiarabu, yenye pande mbili, majaji na kengele. Umbo halikuvunjika kwa kubadilishiwa lugha.

Historia yetu wenyewe ina mdahalo mmoja mkubwa uliofanyika kwa Kiswahili, na naona ajabu kwamba hatuufundishi kama mdahalo. Mwaka 1991 iliundwa tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kuwauliza wananchi iwapo nchi ibaki na chama kimoja au iwe na vyama vingi. Karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja. Tume ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Unaweza kuupinga uamuzi huo; wapo waliosema kwamba wengi walipuuzwa. Hata hivyo ulitulazimisha kuuliza swali ambalo ngonjera haikuwahi kuuliza: ikiwa walio wachache wana hoja nzito, wapewe nini? Kura pekee haijibu swali hilo. Linajibiwa na watu waliozoea kumsikiliza mpinzani hadi mwisho, katika lugha ambayo wote wawili wanaimudu.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilikifungulia Kiswahili mlango wa kufundishia katika ngazi zote, na ubishi kuhusu mlango huo bado haujaisha. Mdahalo hauna haja ya kuusubiri. Hauko kwenye mtihani wa taifa. Hauna mtaala unaoubana wala kitabu cha kununua. Mkuu wa shule yeyote anaweza, Ijumaa ijayo, kutangaza kwamba wiki moja itakuwa ya Kiingereza na inayofuata ya Kiswahili, na kwamba katibu ataandika hoja zilizosemwa na zile ambazo hazikujibiwa. Meza zipo. Kengele ipo. Mada ya kwanza naipendekeza bure: lumbesa, na kwa nini bado lipo.